Lushoto, Marangu au Tukuyu: ununue wapi nyumba ya mlimani?

Kila Februari, joto la Dar es Salaam likifika pale ambapo feni inasukuma hewa ya moto kutoka kona hii kwenda ile, wapo watu wanaoanza kuulizia viwanja vya mlimani. Wengine wanakaribia kustaafu, wengine kazi yao siku hizi iko kwenye kompyuta na haijali wanakaa wapi, wengine wamechoka tu. Majina matatu hujirudia: Lushoto katika milima ya Usambara Magharibi, Marangu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na Tukuyu chini ya Mlima Rungwe. Kote kuna baridi, kijani na maji. Ukizichanganya picha zake, asiyezifahamu sehemu hizo hatajua ipi ni ipi.

Ukishataka kununua ndipo zinapoachana, na hazitofautiani kwa mandhari. Zinatofautiana kwa nani anaweza kukuuzia, atakuuzia nini hasa, na utabaki na karatasi gani mkononi. Ndiyo maana sehemu ya ardhi hapa chini ni ndefu kuliko zote, na ya mandhari haipo kabisa.

Vigezo

Nimezipima sehemu hizi tatu kwa mambo matano: njia ya kufika, hasa wakati wa mvua, hali ya hewa na nyumba inayodaiwa na hali hiyo, ardhi na hati, hospitali na shule, kisha maisha ya kila siku, yaani kipato, majirani na ibada.

Bei sikuzipanga. Kiwanja cha mteremkoni hakina bei ya eneo kama cha Kigamboni au Kibaha. Viwanja viwili vinavyopakana vinaweza kupishana sana kwa sababu kimoja lori linafika mlangoni na kingine tofali zitabebwa kichwani. Ukitaka kulinganisha bei, jumlisha gharama tatu: ardhi yenyewe, kusawazisha mahali pa kujenga pamoja na kuta za kuzuia udongo, na kufikisha vifaa pale lori linapoishia. Dalali atakutajia ile ya kwanza tu.

Njia ya kufika

Kwenda *Lushoto* unaiacha barabara kuu ya Arusha pale Mombo, halafu kwa kilomita kama 33 unapanda karibu mita 1,000, ukipitia Soni. Lami ipo miaka mingi, lakini barabara ni nyembamba na imechongwa kwenye ubavu wa korongo. Masika ikiwa nzito, mawe na udongo huteremka juu yake. Ikiziba, hata kwa saa chache, mji mzima unasubiri, pamoja na malori ya kabichi na karoti yanayokimbilia soko la Dar. Mabasi ya moja kwa moja kutoka Dar yapo. Ukishafika juu, njia nyingi za vijijini ni za udongo mwekundu, na udongo huo ukilowa gari dogo halipandi.

*Marangu* ndiyo rahisi kuliko zote kufikika. Ukitoka Dar unakunja Himo kabla ya kufika Moshi, na kilomita kama 13 za lami zinakufikisha Marangu Mtoni. Lami hiyo inaendelea Rombo. Moshi mjini ni kilomita kama 40, uwanja wa ndege wa KIA uko mbele yake, na mwenye ndugu Kenya ana mpaka wa Holili jirani. Ugumu uko mwishoni mwa safari, kwenye vijia vya kati ya migomba ambavyo magari mawili yakikutana lazima moja lirudi nyuma. Na Desemba, Wachaga wakirudi nyumbani kwa sikukuu, usipange kuhamisha makochi.

*Tukuyu* ni mbali. Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, kisha kama 70 kwenda kusini. Lakini ukishalikubali umbali huo, mji wenyewe uko juu ya barabara kuu ya Uyole–Kasumulu iendayo Malawi, hivyo usafiri haukosekani na si rahisi ukatengwa kama Lushoto. Gharama yake ni malori. Nyumba ya kando ya barabara hiyo itasikia breki usiku kucha. Uwanja wa ndege wa Songwe upo, ila uko upande wa pili wa jiji la Mbeya, na foleni ya Mbeya unaikuta katikati.

Hali ya hewa, na nyumba inayodaiwa

*Lushoto* iko kwenye mita kama 1,400. Kati ya hizi tatu ndiyo yenye mvua kidogo: masika ya Machi hadi Mei na vuli ya mwisho wa mwaka, na katikati ya hapo jua la kutosha kuanika na kukausha. Usiku wa Julai unataka blanketi mbili. Nyumba ya kawaida ya tofali za kuchoma na bati, ikiwa na madirisha yanayofunga sawasawa, inatosha. Tatizo la Lushoto liko chini ya nyumba: mteremko.

*Marangu* si hali ya hewa moja. Marangu Mtoni pana ubaridi wa kupendeza. Ukipanda kuelekea geti la hifadhi, lililo karibu na mita 1,900, unaingia kwenye mawingu. Kila unapopanda kidogo baridi inaongezeka na jua linapungua, na Juni hadi Agosti mawingu yanaweza kukaa siku kadhaa bila kuachia. Kwa hiyo mtu akikwambia “nina kiwanja Marangu” muulize kwanza kiko juu au chini.

*Tukuyu*, kwenye mita 1,500 na ushei, ni mvua. Wilaya ya Rungwe ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi Tanzania. Maeneo mengi hupita milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar. Inaanza Novemba na mara nyingi haijatosheka mpaka Mei. Mgeni wa Agosti, aliyekuta anga safi na chai inang’aa, hajaiona Tukuyu bado. Nguo hazikauki. Viatu vya ngozi vilivyofungiwa kabatini vinaota kuvu. Nyumba ya huko inataka msingi ulioinuliwa, paa lenye mteremko mkali, upenu mpana unaozuia mvua isipige ukuta, gata nzima zote, na kabati zisizogusa ukuta wa nje. Anayenunua nyumba iliyokwisha jengwa asogeze makabati aangalie nyuma yake. Rangi mpya ya ukutani inaweza kuwa imepakwa wiki hiyo hiyo.

Tukuyu ina jambo jingine. Mlima Rungwe ni wa volkano na eneo lote limekaa kwenye Bonde la Ufa, kwa hiyo matetemeko madogo husikika. Ulizia kama nyumba ina mkanda wa zege uliozunguka kuta zote, ule ambao mafundi wanauita lenta. Fundi aliyeweka lenta juu ya milango na madirisha tu amebana matumizi mahali pabaya.

Kuhusu mteremko, kosa ni moja kote. Kilima kinakatwa, udongo uliokatwa unamwagwa upande wa chini, unashindiliwa kwa miguu na koleo, kisha nyumba inasimama nusu kwenye udongo wa asili na nusu kwenye ule uliomwagwa. Baada ya masika mbili, ile nusu ya chini inashuka na ufa unaanzia kwenye kona ya dirisha. Ufa wa plasta ni mwembamba na umetawanyika. Ufa wa msingi unapanda kwa mshazari na unapanuka kadiri unavyokwenda. Angalia pia ukuta wa mawe unaozuia udongo nyuma ya nyumba: kama hauna matundu ya kutolea maji, maji yanajikusanya nyuma yake na siku moja utaegama. Mafundi waliozaliwa milimani wanayajua haya. Fundi uliyetoka naye Dar, kwa kuwa alikujengea vizuri Mbagala, huenda hayajui.

Na baridi yenyewe? Nyumba zetu nyingi za milimani hazina chimni. Watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha, na hewa ya mkaa huua watu wakiwa usingizini. Ukijenga, weka mahali pa moto penye bomba la kutolea moshi tangu kwenye ramani. Kulitoboa baadaye ni ghali na mara nyingi huvujisha bati.

Ardhi na hati

Kwanza yale yaliyo sawa kote. Ardhi ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Unachonunua ni haki ya kuitumia, pamoja na kilichojengwa juu yake. Sheria mbili za mwaka 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, ndizo zinazotawala. Kwenye maeneo yaliyopimwa ya mji utapata hati miliki ya muda, miaka 33, 66 au 99. Kwenye ardhi ya kijiji kuna hatimiliki ya kimila, isiyo na ukomo wa miaka, lakini kuihamishia kwa mtu wa nje ya kijiji kunahitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji.

Halafu kuna ile karatasi ambayo wengi ndiyo waliyo nayo: mkataba wa mauziano, picha mbili za pasipoti, mashahidi, na muhuri wa mwenyekiti. Hiyo inathibitisha kwamba mlikubaliana. Si hati, wala haimzuii mtu mwenye haki kubwa zaidi kujitokeza kesho.

Sasa tofauti.

*Lushoto* ulikuwa mji wa serikali tangu enzi za Wajerumani, waliouita Wilhelmstal, hivyo katikati kuna viwanja vya zamani na nyumba za kikoloni zenye kuta nene na veranda. Si rahisi nyumba hizo kuingia sokoni. Nyingi ni za serikali, taasisi za dini au familia zisizo na haraka. Mgeni huonyeshwa zaidi maeneo ya pembeni, kuelekea Magamba, Irente au Soni, na huko unaingia kwenye ardhi ya kijiji au ardhi isiyopimwa.

Mtego wa Lushoto ni ardhi tambarare. Usambara pana watu wengi na tambarare chache, na tambarare hizo ziko mabondeni, penye vijito na bustani za mboga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa hiyo kiwanja kizuri kuliko vyote ulivyoonyeshwa, kilicholala vizuri na kusikika maji kwa mbali, ndicho chenye uwezekano mkubwa kuwa hakijengeki. Nenda na futikamba. Ukipanda juu unakutana na kizuizi kingine, mpaka wa msitu wa hifadhi wa Magamba. Uliza vigingi vya mpaka viko wapi, na umwulize mtu wa misitu, usimwulize muuzaji.

*Marangu* ina kihamba, na kihamba hakiingii sokoni kama bidhaa nyingine. Ni shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa, ng’ombe wa ndani, nyumba ya wazazi na makaburi ya waliotangulia. Kwa desturi hugawiwa watoto wa kiume, na mtoto wa mwisho ndiye anayebaki kwenye nyumba ya wazazi. Kuuza kwa mtu wa nje ya ukoo ni jambo ambalo ukoo unaweza kulikalia kikao hata kama muuzaji ana karatasi zote. Ndiyo sababu utaona majumba makubwa yaliyofungwa mwaka mzima, yanayofunguliwa Desemba tu, na bado hayauzwi. Mwenyewe anaishi Dar au Arusha, lakini babu amezikwa uani.

Kwa hiyo ukisikia kihamba kinauzwa haraka na kwa bei ya kutupa, jiulize ndugu wengine wako wapi. Unaweza kushinda kesi na bado ukaishi miaka 20 kati ya majirani ambao wote ni binamu wa aliyeshindwa. Mtu asiye na ukoo Marangu ana njia tatu zenye amani zaidi: vipande vya kando ya barabara karibu na Mtoni ambavyo tayari vina matumizi ya biashara, upangaji wa muda mrefu wenye mkataba wa maandishi kwenye nyumba ya mtu, au kununua kiwanja kilichopimwa chini, upande wa Himo, na kupanda Marangu anapotaka. Himo kuna joto, ndiyo.

Aliyeoa au kuolewa Marangu ana hesabu nyingine kabisa. Atapewa mahali pa kujenga bila kulipa, na hapo ndipo huwa anasahau maandishi. Nyumba ya milioni nyingi kwenye kihamba cha baba mkwe, bila hata muhtasari wa kikao cha ukoo, ni ya nani siku mzee akiondoka?

Marangu pia ina mifereji ya asili inayoshusha maji kutoka mlimani, na mfereji unaopita kwenye ardhi yako una wenyewe na una zamu. Huwezi kuufukia upate maegesho.

*Tukuyu* kwa mgeni ni wepesi zaidi. Ni makao makuu ya wilaya, mji wa watumishi na wafanyabiashara waliotoka kwingine, na kununua kwa mtu wa mjini hakuchukuliwi kama kugusa mizimu ya mtu. Anza na ofisi ya ardhi ya halmashauri uulize kama kuna viwanja vilivyopimwa vinavyouzwa. Ukienda vijijini, ardhi ina mazao ya kudumu, chai, ndizi, kahawa na parachichi, kwa hiyo mkataba useme wazi kama mazao yamo kwenye bei, na kama ni chai, nani anaendelea kuivuna na kuiuza kiwandani. Makaburi karibu na nyumba yapo huku pia, uliza kabla.

Mtego wa Tukuyu ni barabara ile ile inayoubeba mji. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kibanda cha biashara kilicho ndani ya hapo kinaweza kuwa na mapato mazuri leo na alama nyekundu ya X kesho.

Kote, kabla ya kutoa hela: fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kama kuna hati, mpeleke mpima akaonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, pata ridhaa ya maandishi ya mke au mume wa muuzaji, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inailinda nyumba ya ndoa, na kama mali ni ya marehemu, dai barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. “Sisi ndugu tumekubaliana” haitoshi. Tenga na ushuru wa stempu, asilimia 1 ya thamani. Kwa wasio raia wa Tanzania mambo ni mengine. Hao waanze kwa mwanasheria, dalali baadaye.

Nyumba iliyokwisha, au kiwanja ujenge?

Kwenye tambarare mimi huwa upande wa kujenga mwenyewe. Mlimani nimeegemea nyumba iliyokwisha, mradi ina zaidi ya miaka mitano: masika tano zimeshaipima kuliko mhandisi yeyote. Kama ingeshuka, ingeshashuka. Kama paa linavuja, alama ziko darini. Lakini Lushoto na Marangu nyumba za hivyo ni chache sokoni, na Tukuyu nyingi zilizopo zimejengwa kando ya barabara kwa ajili ya biashara, hivyo huenda ukalazimika kujenga tu. Ukijenga Tukuyu, hesabu Juni hadi Oktoba ndiyo miezi yako. Msingi uliochimbwa Desemba utageuka bwawa.

Hospitali na shule

Lushoto ina hospitali ya wilaya, na Bumbuli, ndani ya milima hiyo hiyo, ipo hospitali ya Kilutheri ya siku nyingi. Kwa rufaa unashuka: Bombo iliyoko Tanga, au KCMC ya Moshi. Kwa mtu mwenye moyo au figo zinazosumbua, ile barabara ya kwenda Mombo ni sehemu ya ugonjwa. Marangu iko vizuri zaidi hapa, kwa sababu KCMC ni mwendo wa saa moja hivi na Kilema kuna hospitali ya Kikatoliki jirani. Tukuyu ina hospitali ya wilaya ya Makandana na ya Kikatoliki ya Igogwe, na rufaa ya kanda iko Mbeya.

Shule hazipishani sana. Kifungilo kwa upande wa Lushoto, Ashira kwa Marangu na sekondari ya Rungwe kwa Tukuyu ni majina yanayojulikana nchi nzima, lakini ni za bweni au za kuchaguliwa, na kuishi jirani hakumpi mtoto nafasi. Anayehamia na watoto wadogo aangalie shule ya msingi ya mtaa na kilima cha kuifikia kwa miguu.

Maisha ya kila siku

Lushoto inakula kutokana na mboga na matunda, kabichi, karoti, nyanya, plamu na peasi, pamoja na wageni wanaokuja kutembea milimani. Anayetaka bustani ndogo yenye soko la uhakika yuko mahali pake, ila asitarajie shamba kubwa. Marangu inakula kwa mlima: waongozaji, wapagazi, nyumba za wageni, kahawa kidogo na fedha zinazotumwa na watoto walioko mijini. Tukuyu ni ardhi yenye rutuba ya volkano. Ndizi, chai, parachichi, viazi na maziwa, na chakula sokoni ni tele. Anayestaafu akitaka kufuga ng’ombe wawili wa maziwa na kupanda parachichi atapata nafasi Tukuyu kuliko kwingine.

Ibada ni jambo ambalo matangazo ya viwanja hayaligusi, na linaamua mengi. Lushoto, kama sehemu kubwa ya mkoa wa Tanga, Waislamu na Wakristo wanaishi pamoja. Adhana na kengele zote ni za mji. Marangu imejaa Walutheri, na Wakatoliki upande wa Kilema. Tukuyu ni ngome ya Wamoravian, ambao walianzisha misheni ya Rungwe mwaka 1891, pamoja na Walutheri na makanisa mapya mengi. Mwislamu atapata msikiti Tukuyu mjini, lakini kwa wingi wa jamaa Lushoto itamfaa zaidi.

Kiswahili kinatosha kote, isipokuwa kwenye vikao vya ukoo na mazungumzo ya wazee, na hapo Kisambaa, Kichaga au Kinyakyusa kitakupita juu ya kichwa. Na kote misiba inahesabiwa. Anayefungia geti akatuma bahasha kwa mtoto wa dukani atakuwa na nyumba lakini hatakuwa na majirani.

Mtandao wa simu unategemea kilima kimekaa wapi kuliko mji gani. Simama ndani ya chumba utakachofanyia kazi, madirisha yakiwa yamefungwa, upige simu ya video. Nje ya geti si kipimo.

Kupanga kwanza

Panga nyumba kabla ya kununua, na hakikisha upangaji wako unaushika mwezi wa Aprili na wa Julai. Aprili itakuonyesha barabara, paa na udongo. Julai itakuonyesha kama mifupa yako inaipenda baridi au iliipenda picha ya baridi. Kupanga pia kunawapa majirani muda wa kukujua, na taarifa ya kweli kuhusu kiwanja hutoka kwa jirani anayepakana nacho.

Kwa hali yako

Kama unakaa kati ya Dar na mlimani, ukipanda wikiendi ndefu na sikukuu, Lushoto na Marangu zinawezekana. Kwa Lushoto weka siku moja ya ziada wakati wa masika. Tukuyu kwa mtindo huo itakuchosha na kukumalizia hela.

Kama umestaafu, unahamia moja kwa moja na unataka ardhi ya kulima na kufuga, nenda Tukuyu, jenga kwa ajili ya mvua, na kaa mbali na barabara kuu.

Kama afya inadai daktari bingwa kila mwezi, upande wa Marangu na Himo ndio wenye hoja, hata ukiishia kupanga badala ya kununua.

Kama kazi yako ni ya kompyuta na huna haja ya shamba, Lushoto mjini au karibu yake inafaa: jua lipo, soko liko karibu, na nyumba ndogo inatosha. Weka betri na paneli ya sola, kwa sababu miti huangukia nyaya za umeme.

Kama unataka kujenga nyumba za wageni, Marangu ina wapanda mlima wanaopita tayari, ila ingia na mwenyeji kwa mkataba wa ubia badala ya kutafuta kihamba. Lushoto wageni ni wachache zaidi lakini hukaa siku kadhaa. Tukuyu mgeni wako atakuwa mtumishi au mfanyabiashara anayelala usiku mmoja, anayetaka maji ya moto na mahali salama pa kuegesha.

Kama huna uhakika wa kukaa miaka kumi, usinunue ardhi ya kijiji popote. Kuiuza tena kwa mgeni mwingine kutachukua vikao vile vile ulivyopitia wewe kuinunua.

Na kama mwenzi wako ni wa mojawapo ya sehemu hizi, nendeni huko kwao, lakini kikao cha ukoo kifanyike kabla ya tofali la kwanza, muhtasari usainiwe na wote wenye haki, na nakala ibaki kwenu.